Redio ya dashibodi kwenye gari lenye betri mbili: dalili, chanzo na dawa yake

Magari ya kambi ya huku kwetu, yawe Land Cruiser zenye hema juu ya paa zinazokodishwa Arusha na Nairobi, au Hiace na Coaster ambazo mwenyewe ameng'oa viti akaweka kitanda na jiko, mengi yana betri mbili. Moja inapiga stata. Ya pili, ambayo hapa nitaiita betri ya kambi, inalisha friji, taa na chaja za simu. Redio imekaa kwenye dashibodi pamoja na vitu vya dereva, lakini inasikilizwa zaidi jioni, gari likiwa limeegeshwa. Usumbufu mwingi unatokana na fundi aliyeifunga kama redio ya gari la kawaida, au aliyetafuta njia ya mkato ili isinyamaze ufunguo ukitolewa.

Watu huuliza, "Niifunge betri ipi?" Hayo ni maswali mawili. Waya wa njano wa redio ndio unaobeba umeme wenyewe: unatunza saa na stesheni, na kwenye redio nyingi za dukani hata nguvu inayosukuma spika hupita humo. Waya mwekundu kazi yake ni kuamsha. Ukipata volti 12 redio inaamka, ukizikosa inalala. Mweusi ni ati, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Kwa hiyo betri unaichagua kwa ajili ya waya wa njano, na swichi unaichagua kwa ajili ya waya mwekundu. Si lazima nyaya hizo mbili zitoke betri moja, mradi hasi za betri zote mbili zimefungwa kwenye bodi ya gari.

Rangi hizo ni za soketi ya redio ya dukani tu. Upande wa gari, kila mtengenezaji ana zake. Kwenye Toyota nyingi umeme wa kudumu ni waya wa buluu wenye mstari wa njano, wa ACC (unaopata umeme ufunguo ukigeuzwa hatua ya kwanza, kabla ya ON) ni wa kijivu na ati ni kahawia, lakini gari lililopita mikononi mwa mafundi watano huenda likawa na rangi yoyote ile. Chukua mita, iweke kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye chuma kisicho na rangi. Ufunguo ukiwa umetolewa, waya wa kudumu usome volti 12 na ushee, wa ACC usome sifuri. Ufunguo ukiwa ACC, zote mbili zisome 12 na ushee. Usipoyapata majibu hayo, usiendelee na jambo jingine lolote.

Asubuhi gari halipigi stata

Uliza kwanza: redio ililia jana usiku, au ilikuwa imezimwa?

Kama ililia, piga hesabu. Redio ya kawaida kwa sauti ya wastani hula kama ampea 1 hadi 2. Zile za Android zenye skrini kubwa hula zaidi. Tuseme 2, kwa saa tano: umeshatoa Ah 10 (ampea-saa, yaani ampea mara saa). Betri mpya ya Ah 70 haitalalamika. Betri iliyochoka, kwenye injini ya dizeli inayotaka kupasha plagi zake, juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro ambako ni zaidi ya mita 2,200 na alfajiri ina baridi kali, italalamika sana. Isitoshe, betri ya stata imetengenezwa itoe ampea nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe mara moja. Kuishusha kila jioni kunaifupishia maisha hata kama gari bado linawaka. Pima kabla ya kuwasha, gari likiwa limetulia usiku kucha: 12.6 hadi 12.7 ni betri ya asidi iliyojaa, 12.2 imebaki kama nusu, 12.0 imo hatarini.

Kama redio ilikuwa imezimwa na betri bado imeisha, kuna kitu kinanyonya. Vua waya wa hasi kwenye betri ya injini, weka mita katikati ya waya huo na betri, ikiwa kwenye ampea na ncha nyekundu kwenye tundu la 10A. Funga milango, toa ufunguo, subiri magari mapya yalale. Mengine huchukua karibu nusu saa. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Gari zima likiwa limelala lisivuke miliampea 50 hivi, na redio pekee ina haki ya miliampea chache tu. Ukiona ampea 0.3, chomoa fyuzi ya redio. Ikishuka, umeshampata mwizi. Ampea 0.3 kwa siku saba ni Ah 50, ndiyo maana gari linalokaa wiki nzima uani halina nguvu siku ya safari.

Mara nyingi utakuta njano na nyekundu zimesokotwa pamoja na kuvikwa tepu. Fundi alitaka redio ilie bila ufunguo, akaunganisha nyaya zote mbili kwenye umeme wa kudumu. Ukibonyeza kitufe skrini inazima, ila redio yenyewe haijalala, na kama kuna amplifaya inayoamshwa kwa waya wa buluu wenye mstari mweupe, huenda nayo bado iko macho. Tenganisha nyaya hizo kwanza, halafu ndipo ufikirie namna ya kusikiliza jioni.

Redio inanyamaza ukitoa ufunguo

Huu si ugonjwa, ndivyo ilivyoundwa. Wengi hutatua kwa kuacha ufunguo kwenye ACC. Kwa nusu saa haina neno. Kwa jioni nzima inaamsha vitu vingine vinavyotumia njia hiyo hiyo, na ufunguo unabaki ndani ya gari lenye milango wazi. Anayeuacha kwenye ON anafanya vibaya zaidi: kwenye dizeli za zamani koili inayofungua mafuta kwenye pampu inabaki na umeme muda wote, nayo inakula betri huku ikipata moto bure.

Ninachopendelea ni hiki. Waya wa njano uende betri ya kambi moja kwa moja, kupitia fyuzi yake. Waya mwekundu uende kwenye swichi ndogo ya pini tatu yenye nafasi tatu, ile ambayo katikati imezimwa. Pini ya kati ifungwe kwenye waya mwekundu wa redio. Pini ya upande mmoja ipate ACC. Ya upande wa pili ipate betri ya kambi kupitia fyuzi ya ampea 2 au 3. Ukiiweka upande wa kwanza redio inafuata ufunguo kama gari la kawaida, upande wa pili inalia kambini ufunguo ukiwa mfukoni, katikati inalala. Betri ya stata haiguswi. Maduka ya vifaa vya umeme wa magari huuza swichi hizo kwa bei ndogo, na kazi yote ni ya asubuhi moja.

Fyuzi ya waya wa njano ikae karibu na betri, ndani ya kipimo cha shubiri moja ukiweza, si kule kwenye dashibodi. Fyuzi iliyo nyuma ya redio inailinda redio, lakini mita sita za waya unaopita chini ya zulia na kando ya vyuma vyenye makali zinabaki bila ulinzi. Zikichunika na kupiga shoti, kitakachoungua ni gari. Ampea 10 au 15 zinatosha, fuata ile iliyokuja na redio.

Gari la kukodisha lina tatizo lake: mgeni atasahau swichi upande wa kambi. Hapo betri ya kambi iwe na kikata umeme kinachozima kila kitu volti zikishuka mno, la sivyo friji na redio zitaimaliza pamoja.

Wapo pia wasiohitaji haya yote. Kama redio unaisikiliza ukiendesha tu, iache kwenye betri ya injini kama ilivyotoka kiwandani, na jioni tumia spika ya Bluetooth inayochajiwa mchana. Si kila gari linastahili kufumuliwa dashibodi.

Ufunguo umetolewa, lakini wiper zinasogea

Dalili hii huwatisha watu, wengine hudhani swichi ya ufunguo imeharibika. Redio imewashwa kwa swichi ya kambi, na ghafla wiper zinasogea, feni inazunguka, taa za dashibodi zinawaka hafifu. Wakati mwingine fyuzi ndogo ya swichi inaungua bila sababu inayoonekana.

Chanzo ni swichi ya pini mbili iliyowekwa kuunganisha umeme wa betri ya kambi na waya mwekundu, huku waya huo bado umefungwa kwenye ACC. Umeme unaingia redio na pia unarudi kinyumenyume kwenye njia ya ACC, unalisha kila kilichopo huko. Dawa ni swichi ya pini tatu niliyoeleza, kwa kuwa hiyo haiwezi kugusa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Anayetaka redio ichague yenyewe bila swichi anaweza kuweka dayodi mbili (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), moja kwenye kila njia, zikielekea redio. Itashuka kiasi cha nusu volti hadi 0.7, na kwa waya wa kuamsha hilo halina madhara. Usiweke dayodi ndogo kwenye waya wa njano.

Inasahau saa na stesheni

Inasahau kila unapotoa ufunguo? Njano na nyekundu zimebadilishana. Magari ya Volkswagen yanajulikana kwa hili, kwani mengi yana umeme wa kudumu na wa ufunguo katika pini zilizobadilishana ukilinganisha na soketi za kiwango cha ISO za redio za dukani. Badilisha pini mbili, kazi imekwisha.

Inasahau mara moja moja tu, hasa gari likikaa? Waya wa njano uko nyuma ya kitu kinachokatwa: swichi kuu ya betri, au kikata umeme cha betri ya kambi kilichofanya kazi yake usiku. Kwa redio ya dukani hasara ni kupanga stesheni upya. Redio za kiwandani za Toyota kutoka Japani ni habari nyingine. Zile zenye ramani kwenye kadi ya SD, ukizikatia umeme huku kadi haimo, zinaganda kwenye maandishi ya Kijapani na kudai kadi hiyo, ambayo mara nyingi ilibaki kwa mwenye gari wa kwanza. Redio nyingine za kiwandani hudai namba ya siri. Kwa redio za aina hiyo, usihamishe waya wa njano kabla ya kujua kadi au namba iko wapi. Kama huna, acha waya wa njano kwenye umeme wa kudumu wa gari na uridhike na ACC, au weka redio nyingine kabisa.

Inazima ukiongeza sauti

Hapa shutumu waya kabla ya redio. Shaba ya milimita za mraba 0.75, iendayo mita sita na kurudi mita sita, ina ukinzani wa karibu omu 0.28. Redio ikivuta ampea 10 kwenye mdundo mzito, volti 2.8 zinapotelea njiani. Betri ina 12.4, redio inapata 9.6, inazima, mzigo unaondoka, volti zinarudi, inawaka tena. Ukitumia waya wa milimita 2.5 upotevu unashuka hadi karibu volti 0.85, na wa milimita 4 hadi karibu nusu volti. Ndiyo sababu sikubali waya mwembamba uliobaki kwenye kazi ya taa utumike kwa njano.

Pima ukiwa na mita nyuma ya redio, sauti ikiwa juu: kwanza kati ya njano na mweusi, kisha kati ya njano na ncha ya hasi ya betri yenyewe. Kipimo cha pili kikiwa kizuri na cha kwanza kibaya, tatizo ni ati. Skrubu iliyofungwa juu ya rangi, au kwenye bano la plastiki, haina maana. Kwangua rangi, tumia kichwa cha waya kilichobanwa vizuri, paka grisi kidogo kuzuia kutu. Na kama gari hupita barabara ya Naabi kwenda Seronera kule Serengeti, au njia yoyote yenye matuta madogo yanayotikisa mpaka meno, kila kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu kitalegea. Bana au chomelea risasi, halafu fungia waya usicheze.

Inakatika unapopiga stata

Kwenye magari mengi ACC hukatwa kwa sekunde ile ya stata. Redio ikifuata ufunguo itanyamaza kisha itarudi, usitafute ugonjwa. Swichi ikiwa upande wa kambi isinyamaze. Ikinyamaza hata hivyo, betri mbili zimeunganishwa wakati wa kupiga stata, na mshtuko wa stata unafika mpaka betri ya kambi. Rilei inayopima volti, ile inayounganisha betri mbili ili zijazwe pamoja, kwa kawaida hufunga zikifika kama 13.3 na hufungua zikishuka chini ya 12.8 hivi, nyingine kwa kuchelewa kidogo. Asubuhi yenye jua, rilei inayopima pande zote mbili inaweza kuwa imeshafunga kwa sababu ya sola kabla hujagusa ufunguo. Chaja ya DC kwa DC kati ya betri mbili, inayojaza ya kambi kwa umeme wa upande wa injini bila kuziunganisha moja kwa moja, inaondoa tatizo hilo, na kama betri ya kambi ni ya lithiamu ndiyo njia sahihi tangu mwanzo, maana lithiamu iliyotulia yenyewe hukaa karibu na 13.3 na rilei haijui lini ifungue.

Mlio unaopanda na kushuka na injini

Mlio mwembamba unaofuata mguu wa mafuta unatoka kwa alteneta, ila njia ya kuingilia si moja. Shusha sauti hadi sifuri. Mlio ukibaki, unaingia kupitia umeme au ati ya redio au amplifaya. Ukipotea, unaingia na sauti yenyewe. Cheza wimbo kwa waya wa AUX huku simu ikichajiwa kwenye gari, halafu chomoa chaja. Mlio ukikata hapo hapo, ni ati mbili zinazozungukana kupitia simu. Tumia Bluetooth au kitenganishi cha AUX.

Kwenye gari ambalo waya wa njano umetoka betri ya nyuma na mweusi umefungwa kwenye dashibodi, umeme unarudi kupitia bodi pamoja na wa friji na pampu. Kwa kawaida haileti shida. Ikileta, jaribu kupeleka mweusi nao hadi hasi ya betri ya kambi, ukiambatana na njano njia nzima. Kwenye gari ambalo boksi lake la nyuma ni la mbao au fiba, lisilopitisha umeme, hilo si la kujaribu tu, ndilo pekee linalowezekana.

Mkwaruzo kwenye FM peke yake, injini ikiwa imezimwa, si alteneta. Zima kitu kimoja kimoja: taa za LED za bei rahisi, kidhibiti cha sola, inveta, chaja za USB. Utakayoizima kelele ikakata, hiyo hiyo. Sogeza eriali mbali nayo, au weka kipete cha feriti kwenye waya wake.

Kidhibiti cha sola kina hatari nyingine. Ukivua betri ya kambi huku paneli bado zimeunganishwa, vidhibiti vingine huachia volti za paneli, 20 au zaidi, ziende kwa vilivyounganishwa. Redio nyingi zinataka kati ya 11 na 15 hivi. Vua paneli kwanza, betri baadaye.

Gari likiwa na redio ya mawasiliano ya VHF, kama yalivyo magari mengi ya safari, usiidandie kwenye waya wa njano wa redio ya muziki. Ya wati 45 huvuta kama ampea 10 unapobonyeza kuongea. Ipe njia yake na fyuzi yake kutoka betri.

Gari la volti 24

Coaster, Rosa, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni volti 24. Betri mbili utakazokuta humo si ya injini na ya kambi, ni pacha: mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo kutoa 24. Redio ya volti 12 ikifungwa moja kwa moja itaungua, hiyo inajulikana. Kisichoonekana haraka ni ujanja wa kuchukua volti 12 kutoka betri moja ya pacha. Inafanya kazi kwa wiki kadhaa. Betri inayolisha redio haijazwi vya kutosha, mwenzake inajazwa kupita kiasi, na dalili yake ni betri moja inayochemka na kukauka maji huku nyingine ikisoma chini ya 12. Fundi atakuuzia betri mpya moja, na miezi michache mbele utarudi tena.

Weka kipunguza volti cha 24 kwenda 12, cha ampea 10 angalau, kikichukua umeme kutoka pacha nzima, na uhakikishe kinatoa umeme wa kudumu kwa waya wa njano hata ufunguo ukiwa umetolewa. Kama unajenga kambi ndani ya Coaster, njia safi zaidi ni betri ya kambi ya volti 12 inayochajiwa kwa chaja ya 24 kwenda 12 na sola. Redio ifungwe huko moja kwa moja kwa swichi ya pini tatu, lakini upande wa ACC uwe na rilei ya volti 24, ili volti 24 zisifike kamwe kwenye waya mwekundu.

Inawaka vizuri, ila stesheni ni mbili tu

Usiguse nyaya za umeme. Redio za soko la Japani zinapokea FM kuanzia 76 hadi 90, za karibuni hadi 95, na stesheni za huku ziko kati ya 87.5 na 108. Kipanua bendi kinachochomekwa kwenye eriali kinasaidia, lakini nacho kinataka volti 12 zake. Kifunge kwenye waya mwekundu baada ya swichi, si kwenye ACC ya gari, la sivyo kambini redio italia na kipanua kitakuwa kimelala, na zile mbili zitabaki mbili.